Tuyakwangue au Tuyaache

Kibondo,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwetu kwenye ukungu, nikiomba barua hii ikukute goti limepoa na hupandi tena ule mteremko wa kahawa bila fimbo, hata kama Dada Agripina hakuoni. Kahawa mmemaliza kuchuma? Yule ndama mtundu bado anavunja ua na kula mboga zako? Niambie pia kuhusu kifua cha Mjomba Benedikti, maana mara ya mwisho nilipopiga simu nilimsikia anakohoa kutoka chumba cha pili.

Sisi tu wazima. Mjukuu wako Tumaini anakua, anakimbia uani siku nzima, na Kiha kimemkaa mdomoni kuliko Kiswahili. Kimatengo hajui hata kusalimia, utanisamehe. Shuleni kazi ni ileile, watoto wengi, madawati machache, ila tunacheka. Ezekieli anaendelea na biashara ya maharage, wiki moja yuko Gwarama, wiki nyingine yuko Makere kwa kaka yake Yakobo, akirudi amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Utashangaa kupokea karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu unaniitikia “eee, eee,” halafu Dada Agripina ananiambia baadaye kwamba hukusikia kitu. Tena nyumba yetu ni ndogo, nikipiga simu sebuleni anayepika jikoni anasikia, na haya ninayotaka kukueleza hayakuwa ya kusikiwa na kila mtu. Mwalimu Komba amepata uhamisho wa kurudi Songea, nimemwomba akufikishie barua hii pamoja na maharage kidogo na chupa ya mawese. Mawese usiyatupe kwa sababu ya rangi yake, kaangia dagaa, utanishukuru.

Sasa Mama, kilichonichanganya akili mwezi mzima huu ni makabati ya jikoni. Usicheke kwanza.

Ni makabati ya mbao, ya chini na ya juu, yamezunguka kuta mbili za jiko letu. Marehemu baba mkwe aliyanunua kwenye mnada, shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi lilipofunga nyumba yake ya wageni hapa mjini. Yalipimwa kwa jiko kubwa la watu wengine, kwa hiyo alipoyaleta hapa hayakuingia. Akayakata kwa msumeno. Hakuwa seremala, alikuwa mkulima tu aliyeazima msumeno, na kazi yake inaonekana hadi leo. Mlango mmoja ni mfupi kuliko wenzake. Mwingine umepinda, unafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwingine una ufa kutoka juu hadi chini. Halafu yamepakwa rangi juu ya rangi, na ya mwisho ni kijani kile cha kuta za zahanati. Aliyeipaka ni Ezekieli mwenyewe, kabla hajanioa, na hiyo rangi ilibaki sijui kwenye kazi ya nani. Karibu na jiko imevimba malengelenge, karibu na dirisha imebanduka kama ngozi ya nyoka.

Mwezi ujao wageni wa posa ya Editha, mdogo wake Ezekieli, wanakuja kutoka Kasulu. Ezekieli akasimama mlangoni mwa jiko siku moja akatazama, akasema, “Skola, watu wale wataingia humu kunawa mikono. Fanya kitu.”

“Kitu gani?”

“Jiko ni lako. Amua. Ukitaka tuyang’oe tuweke ya kisasa, sawa. Ukitaka fundi ayakwangue, sawa.”

Unajua mimi nilivyo. Nikiambiwa fanya hivi, nafanya. Nikiambiwa amua, nakonda. Nikamuuliza Editha, akanionyesha kwenye simu picha za majiko meupe ya Dar es Salaam, kila kitu kinang’aa, hakuna hata kijiko nje. “Wifi, ng’oa hayo matakataka, yanatuaibisha.” Nikamuuliza mwalimu mwenzangu, akasema hayo ya kisasa ni unga wa mbao uliogandishwa, mvua za huku zikipiga yanavimba kama andazi, bora mbao yako ya zamani. Nikamwita fundi Nestori. Akakwangua kona moja kwa patasi, ikatokea mbao nyekundu, akapiga mluzi. “Dada, hii ni mninga. Umekalia mali.” Nikafurahi sana. Kesho yake akapita fundi mwingine kuangalia bati linalovuja, akaitazama kona ileile akasema, “Nani kakwambia mninga? Hii ni mbao ya kawaida iliyopakwa dawa ya mchwa.” Mama, nilibaki nimeshika kiuno katikati ya jiko, sijui niamini nani.

Nikamwendea mama mkwe. Jiko kwa kweli ni lake kuliko langu. Mimi nikiwa shuleni yeye ndiye anayepika, tangu nimeingia nyumba hii. Na jikoni humo hatukuwahi kuelewana. Nikihamisha chumvi, anairudisha. Nikinunua chombo cha unga chenye mfuniko mzuri, kesho nakikuta chini na unga umerudi kwenye debe lake kuukuu. Siku moja niliweka sukari mahali pa majani ya chai akanisemesha kwa Kiha maneno mengi, sikuyaelewa yote ila sauti niliielewa. Sikukuambia haya kabla kwa sababu hukunituma huku nije kulalamika. Nilikuwa nimejiambia kwamba hanitaki, kwamba alitaka mwanawe aoe msichana wa hapahapa, anayejua lugha yake na mapishi yake.

Basi nikakaa naye kwenye jamvi, akiwa anachambua maharage kwa vidole, nikamwambia, “Mama, nataka kuyakwangua makabati yapakwe vanishi. Unaonaje?”

Vidole vyake vikasimama. Halafu vikaendelea. “Amua wewe, mwana wanje. Ninyi ndio mnajua mambo ya sasa.”

“Lakini wewe ndiye unayepika humo.”

“Nimesema amua.”

Nikaamua tuyakwangue. Mwenyewe nilijisikia mkubwa kweli, mwanamke mwenye nyumba yake.

Fundi Nestori alikuja Jumamosi. Aling’oa milango yote, akaipanga uani kwenye matofali, akaanza kupaka dawa ya kulainisha rangi na kukwangua. Harufu ya thina ikajaa nyumba nzima, hata chai ilikuwa na thina. Alipoondoka jioni nusu ya milango ilikuwa myekundu na nusu bado ya kijani, na vyombo jikoni vimekaa uchi, maana hakuna mlango hata mmoja uliobaki mahali pake.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani mapema kuliko wenzangu, Tumaini alikuwa na usingizi. Ezekieli alikuwa Makere. Nilikuwa uani nikimvua mtoto viatu, nikasikia jikoni sauti kama pumzi kubwa, fuuu, halafu mama mkwe akapiga ukelele. Nikamwacha mtoto chini nikakimbia. Kikaango kilikuwa kinawaka moto hadi karibu na dari, na mama mkwe amesimama palepale, hakimbii, mikono mbele, na ncha ya kitenge chake inawaka. Nilichukua shuka iliyokuwa kwenye beseni la nguo nikamfunika nayo, nikamvuta nje, nikarudi nikafunika kikaango kwa sinia. Sijui nguvu niliitoa wapi. Moto ulipozima nikaona kwenye rafu ile ya juu, mahali ambapo huwa tunaweka mawese, chupa ya thina ya fundi. Na mawese yapo, yamesogezwa pembeni. Alikuwa amemimina thina kwenye vitunguu.

Nikamfuata nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutoa malengelenge. Nikamwambia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwake, “Mama, hukuona? Mawese mekundu, thina kama maji! Hukuona?”

Alikuwa anautazama mti wa parachichi nyuma yangu. Mimi nipo mbele yake, yeye anautazama mti.

Sijui ni nini kilinijia. Nikasema taratibu, “Mama, kanga niliyojifunga ni ya rangi gani?”

Tumaini alikuwa analia uani kwa ajili ya kiatu kimoja.

“Ya rangi nzuri,” akasema.

Mama, sikuwa nimejifunga kanga. Nilikuwa na gauni langu jeupe la kwaya.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Yeye naye akakaa, akipapasa ardhi kwa ule mkono mzima. Nikamwosha mkono kwa maji ya mtungi, na wakati namwosha akaanza kusema, Kiswahili chake kikichanganyika na lugha ya kwao, mimi nikifuata ninavyoweza. Alisema macho yalianza kama moshi. Akadhani ni moshi kweli, wa kuni. Moshi ukazidi kila mwaka. Sasa anaona mwanga na giza, na mtu akipita anaona kivuli chake. Njia ya kisimani anaijua kwa miguu. Kanisani anakwenda na sauti za watu. Na jikoni alikuwa anaona kwa vidole. Mlango mfupi ni chumvi. Mlango wenye malengelenge ya rangi ni mafuta. Wenye ufa ni unga. Wa mpira wa baiskeli ni sukari na majani ya chai, sukari kushoto. Ndiyo maana alikuwa ananirudishia vitu mahali pake. Mimi nilikuwa nampoteza kila siku bila kujua, na mwisho nikamng’olea milango yote.

“Kwa nini hukukataa nilipokuuliza?” nikamwambia. “Ungesema tu hutaki.”

“Ningekataa mngeniuliza sababu.”

Halafu akanishika kwa ule mkono wake mzima, akanibana sana. “Ezekieli usimwambie. Nakuomba. Akijua watanipeleka Makere kwa Yakobo. Walishasema, siku nikishindwa kazi nitakwenda Makere nipumzike. Oya, hapana, Skola. Nilivuka mpaka nikiwa msichana mkimbizi, nikapanga foleni na bakuli, nikapokea chakula kwenye mikono ya watu ambao hata jina langu hawakulijua. Nilipopata jiko langu nilisema basi, nimemaliza kupokea. Kule Makere nitawekwa kwenye mkeka niletewe sahani. Usimwambie.”

Nikamwambia ndiyo. Ungefanya nini, Mama? Mtu ameungua mkono kwa ajili ya kazi yako mwenyewe, anakulilia, utamwambia hapana? Nikasema ndiyo, na palepale nikajua kwamba nimekubali jambo nisiloliweza. Mama huyu ndiye anayebaki na Tumaini ninapokwenda shuleni. Ndiye anayewasha jiko. Nikimficha Ezekieli na likatokea jingine, nitamwangaliaje? Na nikimwambia, nimemwuza mama yake ambaye amenipa siri yake ya pekee. Nilienda darasani Jumatatu nikaandika hesabu ubaoni, watoto wakaniambia, “Mwalimu, hii ya Ijumaa.”

Nikamwita fundi Nestori nikamwambia arudishe milango yote mahali pake.

“Dada, sijamaliza.”

“Najua. Irudishe hivyohivyo.”

“Nusu nyekundu nusu kijani?”

“Hivyohivyo. Na kila mmoja urudi pale ulipotoka, usichanganye.”

Aliniangalia kama mgonjwa. Akairudisha huku akisema peke yake kwamba wanawake watumishi wanasumbua, akachukua patasi yake na chupa yake ya thina, akasema mimi nisimwite tena. Lakini ile milango iliyokwanguliwa ilikuwa laini, yote laini sawasawa, na mlango wa mafuta ulikuwa mmojawapo. Nilimkuta mama mkwe ameulalia kwa kiganja, anapapasa juu chini, anatafuta malengelenge ambayo hayapo tena. Nikachukua kipande cha kitambaa nikakifunga kwenye kishikio chake. Akakigusa, akaitikia kwa kichwa.

Ezekieli aliporudi kutoka Makere aliona mkono wa mama yake umefungwa, tukamwambia mafuta yaliruka. Hilo lilikuwa uongo kidogo tu. Halafu akaingia jikoni.

“Skola! Hii nini?”

“Nimebadili mawazo.”

“Katikati?”

“Ndiyo.”

“Mara tuyakwangue, mara tuyaache. Wewe hujui unachotaka. Na hicho kitambaa ni cha nini?”

Tuliishi siku kadhaa bila kuongea vizuri, yeye akinidhania nina kichaa, mimi nikimwangalia mama yake akipita mbele yake na sinia la chai, miguu ikihesabu njia, na mwanawe haoni. Nilitaka kupiga kelele. Kuna siku nilimlaumu yeye moyoni, kuna siku nikajilaumu mimi, maana mimi nimekaa naye jikoni muda wote huo na nilichoona ni ubaya wake tu.

Ndipo shuleni tukasikia kwamba madaktari wa macho watakuja hospitalini Kasulu, wanapasua mtoto wa jicho. Nikarudi nyumbani mbio. Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Nikamwambia, “Mama, twende Kasulu. Huenda ni mtoto wa jicho, wanatoa.”

“Na kama siyo?”

“Kama siyo tutarudi.”

“Na Ezekieli?”

Hapo nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka shuleni na bado sikuwa na uhakika. Nikasema, “Mimi sitamwambia. Lakini sitamdanganya tena. Akiniuliza, nitasema akuulize wewe.” Akaendelea kumenya. Nikadhani amekasirika. Muhogo ulipokwisha akasema, “Ego. Twende.”

Nilidhani tutakwenda sisi wawili. Ezekieli aliposikia hospitali akafikiri ni ule mkono, akasema hawezi kumwacha mama yake asafiri peke yake na mimi, akatafuta gari la rafiki yake, akatupakia wote. Njia nzima hadi Kasulu alikuwa anazungumzia bei ya maharage. Mimi na mama mkwe tulikaa nyuma. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja, kama Tumaini anavyonishika sokoni.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa ukumbi mzima, wazee wengi, wengine wameshikwa mikono na wajukuu. Ezekieli akaenda dirisha la majeraha kuuliza foleni ya mkono. Akatoka nesi mmoja mwenye sauti kubwa, akasimama katikati, “Wa macho! Wa macho wanyooshe mikono!”

Mama mkwe akasimama. Akaunyoosha ule mkono uliofungwa bandeji, juu kabisa. “Ni mimi,” akasema. “Mimi sioni.”

Ezekieli alikuwa anarudi na soda mbili mikononi. Akasimama. Watu wakampita huku na huku. Nilimwona anamwangalia mama yake, halafu mimi, halafu tena mama yake, na nikaona jinsi mambo mengi yanavyompitia usoni, sinia la chai, moto, milango, kitambaa. Akaja taratibu.

“Mama. Tangu lini?”

“Tangu Editha yuko shule ya msingi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungenipeleka Makere.”

Ni kweli, Mama, angempeleka, tena kwa upendo. Alinipa soda zote mbili nizishike akatoka nje, akasimama nyuma ya ukuta wa jengo la maabara, na mimi nikamwacha.

Walimpima wakasema ndiyo, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini watafanya moja kwanza, jingine watakaporudi tena. Wakalifanya siku hiyohiyo. Tulilala kwa shangazi yake Ezekieli, na asubuhi tukarudi kufunguliwa bandeji. Daktari alimwambia asiwe na haraka. Alikuwa na haraka. Alifumbua jicho, likatiririka machozi, akalifumba, akalifumbua tena. Aliyekuwa mbele yake ni Ezekieli. Akamtazama sana.

“Yemwe,” akasema. “Una mvi.”

Ezekieli akacheka huku analia. Halafu mama mkwe akageuka, akanitafuta. Mama, nilishikwa na aibu ambayo siwezi kukueleza. Nimeishi nyumba moja na mwanamke huyu, nimekula chakula chake kila siku, na nikajua pale kwamba hajawahi kuniona. Nilijikuta naweka sawa kilemba. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye dirisha.

“Kumbe ndiwe huyu,” akasema. “Mdogo hivi! Mimi nilikuwa nagombana na sauti kubwa, nikadhani ni mtu mkubwa.”

Nyumbani alimtaka Tumaini kwanza. Alimwangalia meno, masikio, kucha, akamvua hadi fulana, mtoto akadhani anaogeshwa akaanza kukimbia. Ndipo akaingia jikoni. Tukamfuata wote, Editha pia, tukasimama mlangoni. Alisimama katikati akazunguka polepole. Milango myekundu, milango ya kijani, kona zenye bluu na krimu za rangi za zamani, kitambaa kwenye kishikio, alama ya moshi hadi darini.

“Haya ndiyo makabati?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na hii rangi ya kijani ni ile aliyoipaka Ezekieli? Ile niliyoisifu?”

“Ulisema imependeza sana,” Ezekieli akasema.

Alicheka mpaka akatafuta kigoda. “Mnanikalisha kwenye zahanati! Yakwangueni. Yote.”

Sasa utaniambia basi, jambo limekwisha. Halijakwisha. Mimi ndiye sasa ninayesita. Jicho la pili bado, na hilo moja daktari amesema alitunze. Nikamwambia, “Mama, tuache angalau milango michache kama ilivyo, kama ikitokea.” Akanijibu kwamba ikitokea atajifunza upya, tena safari hii sitakuwa nahamisha chumvi kwa sababu nitakuwa najua. Fundi Nestori amekataa kurudi, anasema nyumba hii imerogwa. Kwa hiyo juzi nimetoka shuleni nimemkuta mama mkwe ameketi uani, mlango wenye ufa magotini, anaupiga msasa kwa mkono wa kushoto. Akanitupia kipande cha msasa, nikakaa upande wa pili. Tumemaliza milango yote ya chini. Mbao ni nyekundu, nzuri kuitazama, na hadi leo sijui kama ni mninga.

Na hatujui tupake nini. Editha anataka nyeupe. Ezekieli anataka vanishi. Mama mkwe anasema amekaa gizani muda mrefu, anataka rangi, tena rangi ya kuonekana, amependa bluu ya ndoo ya shuleni kwangu. Wote wakimaliza kubishana wananigeukia, “Skola, amua.” Wageni wanakuja mwezi ujao na milango iko uani kwenye matofali. Ezekieli naye amebadilika, akirudi safari hataji tena habari za kumpeleka mama yake Makere, anakaa jikoni kwenye kigoda anaongea na mama yake akipika, na mama yake anamfukuza kwamba anamzibia mwanga. Mimi nikimwangalia nasema moyoni, tumepona, halafu nakumbuka jicho la pili, nachanganyikiwa tena. Niandikie unavyofikiri. Wewe hujawahi kuwa na kabati, una kichanja chako na kila kitu kiko mahali pake, kwa hiyo labda utaona wazi kuliko sisi.

Nisalimie Dada Agripina na uvumilivu wake wa kukusomea barua yangu ndefu. Nisalimie Mjomba Benedikti, mwambie maji ya moto yenye tangawizi, asiyadharau. Msalimie Mama Kapinga jirani anayekukamulia maziwa goti likikaza, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma, na shangazi wa Litembo nikimwomba asinune kwamba sijamwandikia peke yake. Wadogo zangu wote wabusu.

Mama mkwe amekaa hapa ninapoandika. Ameuliza naandika kwa nani, nikamwambia, akauliza unafananaje. Nilijaribu kukueleza nikashindwa, nikasema tu una pengo la jino la mbele na unacheka na mabega. Hapo nikakumbuka ulivyorudi Mbinga baada ya harusi yetu umeumia moyoni, ukasema mama yule alikupita uani bila hata kukutazama, kama amepita gogo, na tangu hapo humtaji. Nikamwambia. Amesema niandike kama alivyosema, nami naandika: “Mwambie sikumpita. Sauti zilikuwa nyingi siku ile, sikujua ipi ni yake, nikaona aibu kuuliza. Aje kabla ya mvua kubwa. Akishuka kwenye gari asiseme kitu. Asimame tu, nimtafute mwenyewe.”

Ni mimi binti yako, unayenikosa na ninayekukosa,

Skolastika